Mafundi wa Shaka

Mwaka 1976 Marekani ilitua vyombo viwili kwenye sayari ya Mirihi: Viking 1 tarehe 20 Julai, Viking 2 tarehe 3 Septemba. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na maabara ya baiolojia yenye uzito wa kilo 15 na nusu na ujazo usiofika lita 30. Wahandisi wa kampuni ya TRW, huko California, walikuwa wamebana humo vipuri vipatavyo 40,000, nusu yake vikiwa transista. Kulikuwa na vitanuri vidogo, vali kama 50 hivi, gesi yenye mionzi, vichupa vya virutubisho vya kuvunjwa kwa amri kutoka duniani, vihesabio vya mionzi, na taa ya zenoni ya kuiga mwanga wa jua. Vyote hivyo vilikuwa na kazi moja: kuuliza kama kuna kitu kinachoishi katika udongo wa Mirihi.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Habari za kutafuta uhai nje ya dunia hutufikia zikiwa zinaelea tayari: picha ya kuvutia, tangazo, kichwa cha habari gazetini. Jinsi zilivyoundwa hatuonyeshwi. Nami kadiri ninavyosoma kumbukumbu za kazi hii, ndivyo ninavyozidi kuvutiwa na upande wake usiotangazwa: subira ya watu wanaotumia nusu ya akili yao kukitafuta kitu, na nusu nyingine kujizuia wasikione mahali ambapo hakipo.

Tuanze na jaribio la Gilbert Levin. Huyu alikuwa mhandisi wa maji na usafi, na mbinu yake ilizaliwa na tatizo la hapa hapa duniani: jinsi ya kugundua haraka kwamba maji ya kunywa yameingiwa na vijidudu. Njia ya kawaida ni kuviotesha kwenye kisahani na kungoja. Levin aliona inatosha kuvipa chakula ambacho kaboni yake imetiwa alama, yaani kaboni-14, ambayo hutoa mionzi. Kijidudu kikila, kitatoa gesi. Gesi hiyo ikiwa na mionzi, kihesabio kitaitambua hata ikiwa kidogo mno. Kwa ajili ya Mirihi, yeye na mwenzake Patricia Straat walitengeneza mchuzi mwepesi wenye viambato vichache sahili, miongoni mwavyo glaisini, alanini na laktati. Nusu sentimita ya ujazo ya udongo ilitosha, na juu yake matone mawili hivi ya mchuzi huo.

Katika uteuzi wa viambato hivyo ndimo mkono wa fundi unapoonekana. Alanini na laktati huja katika maumbo mawili, moja likiwa sura ya jingine kwenye kioo. Viumbe wa duniani wana upendeleo, kwani hujenga protini zao kwa asidi amino za umbo la kushoto. Lakini hakuna sheria ya kemia inayojulikana inayowalazimisha viumbe wa kwingineko kuwa na upendeleo huohuo. Levin na Straat wakatia maumbo yote mawili, ili kiumbe wa Mirihi, ikiwa yupo na ikiwa anakula kinyume chetu, asikose chake. Uamuzi huo haukuongeza gramu hata moja kwenye uzito wa chombo. Uligharimu kufikiri tu.

Norman Horowitz wa Caltech alishika njia iliyo kinyume na ya Levin. Mirihi ni kavu mno, alisema, na kiumbe aliyezoea ukame ule huenda akaangamizwa na maji yenyewe. Kwa hiyo udongo wake aliuacha mkavu, ndani ya hewa ya Mirihi iliyoongezewa kaboni dayoksaidi na kaboni monoksaidi zenye kaboni-14, chini ya taa ya zenoni, kwa siku tano. Kama kuna kitu kinachojenga mwili wake kwa gesi hizo, kama mimea ifanyavyo, basi udongo ukichomwa baadaye kwa joto lipitalo nyuzi 600 utaachia kaboni hiyo na kihesabio kitaisoma.

Hapo ndipo yeye na wenzake walipofanya jambo linalostahili kusimuliwa kila linapozungumzwa suala la uhai wa sayari nyingine. Walikaa maabara na kujiuliza: je, chombo chetu kinaweza kutudanganya? Wakagundua kwamba kinaweza. Miali ya urujuanimno ikipiga kwenye udongo ulio ndani ya hewa ya namna ile, huunda misombo ya kaboni yenyewe, bila kiumbe yeyote kuhusika. Taa ingeweza kuzalisha kile kile walichokuwa wakikitafuta. Wakaiwekea taa kichujio cha kuzuia miali hiyo, wakikubali kupoteza sehemu ya mwanga halisi wa jua ili waondoe jibu la uongo. Mlango ukafungwa kabla roketi haijaruka.

Jaribio la tatu lilikuwa la Vance Oyama. Yeye aliandaa mchuzi mzito wenye asidi amino nyingi na vitamini, kisha akawa anapima jinsi gesi zilizo juu ya udongo zinavyobadilika siku hadi siku. Lakini hata yeye hakumwaga mchuzi mara moja. Kwanza aliingiza unyevu tu, udongo ukiwa haujagusana na chakula, ili aone udongo unafanya nini ukikutana na mvuke wa maji peke yake. Hatua hiyo ndogo, kama tutakavyoona, ndiyo iliyofunua mengi kuliko mchuzi wenyewe.

Kisha kila jaribio lilikuwa na pacha wake. Udongo wa aina ileile ulichomwa kwanza kwa saa tatu hivi: nyuzi 160 kwa jaribio la Levin, 175 kwa la Horowitz, 145 kwa la Oyama. Baada ya hapo ulipitishwa kwenye hatua zilezile. Joto hilo lingeua kiumbe yeyote wa aina tunayoijua, ilhali kemikali nyingi za kawaida za udongo zingelistahimili. Udongo mbichi ukitoa gesi na uliochomwa usitoe, kuna la kufikiria. Yote mawili yakitoa, basi ni kemia tu. Sonara mwaminifu huitazama mizani ikiwa tupu kabla hajaweka dhahabu. Mshale usiposimama kwenye sifuri, uzito wowote utakaosomwa baadaye hauna maana.

Na chombo chenyewe kilipaswa kuwa safi. Kabla ya kuondoka, kila chombo cha kutua kilifungiwa ndani ya ganda lake na kuokwa kwa hewa kavu ya joto la nyuzi 112 hivi kwa saa nyingi mfululizo, ili kisipeleke vijidudu vya Florida Mirihi na kuvigundua huko. Sentensi hiyo ni rahisi kuiandika. Kwa mhandisi ilikuwa na maana kwamba kila waya, kila betri na kila transista ilipaswa kutengenezwa upya au kuchaguliwa upya ili itoke tanurini ikiwa nzima, kisha isafiri karibu mwaka mmoja, itue, na ifanye kazi mara ya kwanza. Mahali pale hapakuwa na wa kwenda kuigonga kwa nyundo.

Tarehe 28 Julai 1976 mkono wa Viking 1 ulichota udongo wa kwanza. Matone ya Levin yalipodondoka, kihesabio kilianza kupanda, na kiliendelea kupanda kwa siku kadhaa. Pacha aliyechomwa kwa nyuzi 160 alibaki kimya. Kwa kanuni walizokuwa wamejiwekea wenyewe kabla ya safari, hilo lilikuwa jibu la ndiyo.

Lakini majaribio mengine nayo yalikuwa na la kusema. Kwenye kisanduku cha Oyama, unyevu peke yake ulitosha kuufanya udongo utoe oksijeni kwa kishindo ndani ya saa chache, na udongo uliochomwa nao uliitoa. Hakuna kiumbe anayepikwa saa tatu na nusu kisha akaendelea kupumua. Jaribio la Horowitz lilitoa alama hafifu mwanzoni, lakini yeye mwenyewe, baada ya kulirudia na kulipima upya, aliamua kwamba chanzo chake si uhai. Hata kwa Levin kulikuwa na kasoro: matone ya pili ya mchuzi yalipoongezwa, gesi haikupanda tena kama ambavyo ungetegemea kwa viumbe walio hai wanaoletewa chakula kingine. Ilishuka. Kemikali iliyokwisha kutumika ndiyo inayofanya hivyo.

Mzani ulielemezwa zaidi na kifaa cha nne, kilichosimamiwa na Klaus Biemann, ambacho kiliuchoma udongo hadi nyuzi 500 na kuchambua mvuke wake molekuli kwa molekuli. Hakikuona misombo ya kaboni inayotarajiwa mahali penye viumbe au mabaki yao. Kiliona kloromethani na daikloromethani kidogo, navyo vikahesabiwa kuwa mabaki ya dawa za kusafishia vyombo kabla ya safari. Bila mwili hakuna kiumbe. Wengi wakakubaliana kwamba udongo wa Mirihi una kemikali kali inayovunja misombo ya kaboni, na kwamba hiyo ndiyo iliyouchezea mchuzi wa Levin.

Walijaribu hata kuibana dhana hiyo papo hapo. Kama ni miali ya urujuanimno inayozalisha kemikali hiyo juu ya uso wa ardhi, basi udongo uliofunikwa na jiwe hauna budi kuwa tofauti. Wakaiagiza Viking 2, kutoka umbali wa mamia ya mamilioni ya kilomita, isukume jiwe kwa mkono wake na kuchota udongo wa chini yake kabla jua halijaupiga sana. Udongo ule nao uliitikia mchuzi. Levin alibaki na msimamo wake kwamba alikuwa amegundua uhai, na aliushikilia hadi alipofariki mwaka 2021. Wengi wa wenzake hawakumfuata. Ninachokiheshimu ni kwamba pande zote mbili zilibishana kwa vipimo vilevile, na vipimo hivyo vilikuwa safi kiasi kwamba bado vinabishaniwa leo.

Miaka 32 baada ya Viking kutua ilidhihirika kwamba kulikuwa na mlango mmoja ambao hakuna aliyeufikiria. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi, kikalowesha udongo kwa maji na kukuta chumvi za pakloreti. Chumvi hizi zikiwa baridi zimetulia. Zikipashwa joto, huachia oksijeni na klorini na kuteketeza misombo ya kaboni iliyo karibu. Mwaka 2010 Rafael Navarro-González wa Mexico na wenzake walichukua udongo wa jangwa la Atacama, ambao walijua una misombo hiyo, wakauchanganya na pakloreti, wakauchoma. Walipata kloromethani na daikloromethani. Huenda basi tanuri la Viking liliunguza ushahidi wenyewe, na yale yaliyoitwa mabaki ya sabuni yakawa ndiyo majivu yake. Hilo halithibitishi kwamba Levin alikuwa sahihi, kwani misombo ya kaboni hufika Mirihi hata kwa vimondo. Linaonyesha mpaka wa ufundi huu: kipimo cha kulinganishia hukulinda dhidi ya shaka uliyowahi kuiwaza, na hakikulindi dhidi ya ile ambayo haijakujia.

Ndiyo maana mafundi hawa hutumia muda mwingi kuliko tunavyodhani katika majangwa ya dunia, wakivijaribu vyombo vyao mahali ambapo jibu linaweza kukaguliwa kwa mikono. Wolf Vishniac wa Chuo Kikuu cha Rochester alikuwa amebuni jaribio la nne la Viking, lililotazama kama maji yenye chakula yatapoteza uangavu kwa wingi wa vijidudu vinavyoongezeka. Mwaka 1972 liliondolewa kwa sababu ya gharama na uzito. Mtu mwingine angekwenda zake. Vishniac alikwenda Antaktika, kwenye mabonde makavu ambako Horowitz na wenzake walikuwa wamesema kuna udongo usio na uhai kabisa, ili auchunguze mwenyewe. Desemba 1973, akiwa peke yake akikusanya vifaa vyake milimani, aliteleza akaanguka, akafa. Mawe yaliyookotwa katika safari ile yalimfikia mtafiti Imre Friedmann, naye akakuta ndani yake, milimita chache chini ya uso, tabaka la kijani la vijidudu vinavyoishi katikati ya punje za mwamba. Ugunduzi wa namna hiyo kutoka mabonde yale ulichapishwa mwaka 1976, mwaka uleule wa Viking. Mkono wa Viking ulichota udongo. Kuvunja mwamba haukuweza.

Hatari nyingine ni ya upande wa pili: dunia imejaa uhai mno, na uhai huo hupenya kila kitu. Tarehe 28 Juni 1911 mawe yalianguka kutoka angani karibu na Nakhla, kwenye delta ya mto Nile nchini Misri. Baadaye yalitambuliwa kuwa vipande vya Mirihi. Miaka karibu 90 baada ya kuanguka, wanasayansi walipata ndani ya kipande kimoja asidi amino, tofali za protini. Kabla ya kushangilia, walipima pia mashapo ya delta ya Nile. Mpangilio ulifanana. Jiwe lilikuwa limenyonya bakteria wa Misri. Kwa hiyo, hata ukipewa jiwe halisi la Mirihi mkononi, huna jibu mpaka ujue tangu lini limeguswa na dunia, na wapi, na nini.

Waliounda gari la utafiti Curiosity, lililotua mwaka 2012, walilibeba somo hilo. Gari hilo lilifungwa matofali matano madogo ya silika safi, yametiwa kiasi kidogo cha misombo yenye florini ya aina isiyopatikana kiasili. Kazi ya matofali hayo ni kutobolewa kwa kekee ileile itobolayo miamba. Unga wake ukipimwa, inapasa ionekane misombo ile ya florini na si kingine. Chochote kitakachozidi kimetoka kwenye kekee au kwenye gari lenyewe, yaani kimetoka kwetu. Wamebeba matofali safari ya miezi minane na zaidi, ili siku moja wayatoboe na kuona hayana kitu kingine.

Hata hivyo dunia iliwafuata. Gari lilipopima hewa ya Mirihi mara za kwanza kutafuta methani, gesi ambayo hapa kwetu hutoka kwa wingi kwenye matumbo ya ng'ombe na kwenye vinamasi, kifaa kiliiona. Mafundi wakakagua chemba ya kifaa hicho na kukuta hewa ya Florida, iliyonaswa humo kabla ya kuruka. Ikabidi waiondoe, na kupima kila mara chumba kikiwa kitupu kisha kikiwa na hewa, watoe kimoja kwenye kingine. Tangu hapo Curiosity imepata methani kidogo sana, chini ya sehemu moja kwa bilioni kwa kawaida, ikipanda na kushuka kwa majira. Chombo cha Ulaya kinachoizunguka Mirihi, chenye uwezo wa kuona kiasi kidogo kuliko hicho, hakijaiona kabisa. Hawajafichana. Matokeo yote mawili yamechapishwa, na kazi ya kuyapatanisha inaendelea.

Ufundi huu ulifika kileleni kwenye gari la Perseverance, lililotua katika shimo la Jezero tarehe 18 Februari 2021. Limebeba mirija 43 ya titani, kila mmoja una uzito usiofika gramu 60, kwa ajili ya kuhifadhi vipande vya miamba hadi siku vitakapoletwa duniani. Sharti lilikuwa kwamba ndani ya kila mrija pasiwe na zaidi ya nanogramu 150 za misombo ya kaboni kutoka duniani. Alama ya kidole gumba huacha makumi ya maelfu ya nanogramu. Kwa hiyo mirija ilioshwa, ikakaushwa na kuokwa mara kwa mara na watu waliovaa magwanda kutoka utosini hadi nyayoni, ndani ya chumba kilichojengwa ndani ya chumba kingine kisafi.

Kati ya hiyo 43, mitano haitatiwa jiwe kamwe. Hiyo ni mirija ya ushahidi. Ndani yake kuna vipande vilivyotengenezwa kunasa vumbi na harufu, navyo hufunguliwa na kupitishwa kwenye hatua zilezile za uchukuaji wa sampuli, mahali palepale, isipokuwa kekee haigusi mwamba. Kisha hufungwa. Siku sampuli zitakapofika maabara, wataalamu wataufungua wa ushahidi pamoja na wenye jiwe. Kitakachokutwa katika yote miwili kimetokana na gari. Katika chombo ambacho kila gramu iligombaniwa, na kila mrija ungeweza kubeba kipande cha Mirihi ambacho hakuna anayeweza kukirudia, mafundi walitoa nafasi tano kwa ajili ya kutobeba kitu. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo mtu anaweza kuipa shaka.

Jaribio la kwanza la kuchukua jiwe, Agosti 2021, liliambulia patupu: mwamba ulivunjika ukawa unga na mrija ukafungwa bila kipande. Haukutupwa. Ulikuwa umenasa hewa ya Mirihi, nao ukaorodheshwa kuwa sampuli ya hewa.

Julai 2024 gari hilo lilifika kwenye mwamba mwekundu wenye urefu wa mita moja hivi, katika bonde ambalo zamani lilikuwa mto unaomwaga maji Jezero. Mwamba ulipewa jina la Cheyava Falls. Ulikuwa na madoa mepesi yaliyozungushiwa ukingo mweusi, mithili ya madoa ya chui, na ndani yake misombo ya kaboni. Kingo hizo zilikuwa na madini ya chuma na fosfati. Katikati kulikuwa na madini ya chuma na salfa. Duniani, madini ya namna hiyo yakipatikana pamoja kwenye matope ya kale, mara nyingi ni vijidudu vilivyokuwa vikipata nishati kwa kuhamisha elektroni kutoka kwenye mabaki ya viumbe kwenda kwenye chuma na salfa. Kipande kilitobolewa na kuhifadhiwa, kikaitwa Sapphire Canyon.

Utafiti wa kina uliongozwa na Joel Hurowitz, nao ulichapishwa Septemba 2025, zaidi ya mwaka tangu kipande kitobolewe, baada ya kukaguliwa na watu wasiohusika. Sehemu kubwa yake ni orodha ya njia ambazo madoa yale yangeweza kujitokeza bila uhai: joto kali, asidi, misombo ya kaboni kufanya kazi peke yake. Kwa kila njia waliuliza kama mwamba una dalili zake. Joto kali, kwa mfano, lingeacha alama ambazo hawakuziona. Lakini kukosa maelezo mengine hawakukuita ushindi. Waliandika kwamba hii ni dalili inayoweza kuwa ya uhai, na kwamba vifaa vya gari vimefika mwisho wa uwezo wake. Yaliyobaki yanahitaji maabara za dunia, na mpango wa kwenda kuileta mirija hiyo umekwama kwa gharama: mwaka 2023 jopo huru lilikadiria dola bilioni 8 hadi 11.

Mwaka 2021 kundi la wanasayansi wa NASA lilipendekeza ngazi ya vidaraja saba ya kupimia madai ya namna hii. Kidaraja cha kwanza ni kuona dalili. Cha pili ni kuhakikisha haikutoka kwetu. Cha nne ni kuondoa kila chanzo kisicho hai kinachojulikana. Cha saba ni watafiti wengine kurudi, kwa vyombo vingine, na kukuta viumbe wakifanya kile kilichotabiriwa. Karibu nusu ya ngazi hiyo ni kazi ya kukanusha. Ndivyo inavyopasa, kwa sababu anayetamani jambo sana ndiye rahisi kudanganyika nalo, na hakuna jambo linalotamaniwa na wanasayansi hawa kuliko hili.

Habari ya uhai kwenye Mirihi itatufikia tena, pengine mwaka ujao, pengine kesho asubuhi kwenye simu. Ikija, msomaji, uliza mambo matatu kabla ya kumtumia mwenzako. Walipima nini kikiwa kitupu? Ni maelezo gani mengine waliyojaribu, na kila moja lilishindwa wapi? Na nani mwingine, kwa chombo kisichokuwa chao, ameona kitu kilekile? Habari isiyo na majibu hayo bado haijaiva, hata kama imetangazwa na wakubwa. Mpaka leo hakuna aliyeyajibu yote matatu, na watu wa kwanza kukuambia hivyo ni mafundi wenyewe.